Jiwe Moja Mfukoni: Mahubiri ya Dominika ya 21 ya Mwaka B





Masomo ya Dominika hii yanatusimamisha kwenye njia panda. Katika somo la kwanza Yoshua, mzee aliyekaribia mwisho wa safari yake, anawakusanya makabila ya Israeli kule Shekemu na kuwataka wachague waziwazi watamtumikia nani. Katika Injili ya Yohane, sura ya 6, wafuasi wengi wa Yesu wanayaona mafundisho yake juu ya Mkate wa Uzima kuwa mazito mno, wanageuka na kwenda zao. Yesu hawakimbilii ili awapunguzie uzito wa neno lake. Anawageukia wale Kumi na Wawili na kuwauliza kama nao wanataka kuondoka, naye Petro anajibu kwa niaba ya wenzake kwamba hawana mwingine wa kumwendea. Katikati ya masomo hayo mawili, Mtume Paulo anawafundisha Waefeso kwamba upendo wa mume na mke ni ishara ya upendo wa Kristo kwa Kanisa lake.

Masomo yote matatu yanatuuliza swali moja: ni kitu gani katika maisha yetu kisichobadilika? Ili tulijibu, tunaomba ruhusa yenu tuanzie mbali kidogo, kwenye neno moja la Kiingereza lililotusumbua sana tulipokuwa vijana wa seminari ndogo. Neno hilo ni 'constant'.

Tulikuwa tumetoka shule ya msingi, ambako tulifundishwa kila kitu kwa Kiswahili, na ghafla somo la fizikia likatujia kwa Kiingereza. Siku moja mwalimu alining'iniza springi, akaifunga jiwe moja la mizani, kisha mawili, kisha matatu. Kila alipoongeza uzito, springi ilirefuka. Halafu akageuka na kuandika ubaoni neno hilo. Jioni tulifungua kamusi, tukakuta maana zake zimepangwa kwa safu: daima, mfululizo, thabiti, mwaminifu. Tukazidi kuchanganyikiwa. Springi ilikuwa imerefuka mbele ya macho yetu. Ni kitu gani basi kilichobaki vilevile? Na yawezekanaje namba iwe na uaminifu? Mwenzetu mmoja aliandika katika jaribio kwamba springi ni mwaminifu kwa sababu kila ikiachiwa hurudi nyumbani. Mwalimu alicheka, lakini hakumpa alama. Leo, baada ya miaka mingi, tunadhani kijana yule hakuwa mbali sana na ukweli.

Neno hilo limetoka katika Kilatini, katika kitendo chenye maana ya kusimama pamoja, kusimama imara bila kuyumba. Katika Kiingereza lina matumizi makubwa matatu, na yafaa tuyatenganishe.

Matumizi ya kwanza ni ya wataalamu wa hesabu na sayansi. Kwao neno hili ni jina la kiasi kisichobadilika ingawa vingine vyote vinabadilika. Chukueni mfuniko wa sufuria, gurudumu la baiskeli na ukingo wa kisima cha duara. Vyote vitatu vina ukubwa tofauti. Lakini ukipima urefu wa kuzunguka duara na kuugawa kwa upana wake wa katikati, utapata jibu lilelile kwa vyote vitatu: tatu nukta moja nne na kuendelea, namba tuliyoizoea shuleni kwa jina la pai. Na katika ile springi, kilichobaki vilevile kilikuwa ule uhusiano kati ya uzito ulioongezwa na urefu ulioongezeka. Basi tuzingatie jambo hili. Kutobadilika hakuna maana ya kutosogea. Springi ilisogea, ila katika kusogea kwake ilishika kanuni moja.

Matumizi ya pili ni ya jambo lisilokoma. Waingereza husema hivyo juu ya mvua inayonyesha mfululizo, juu ya kelele za mashine, juu ya maumivu yasiyompa mgonjwa nafasi ya kulala. Hapa neno halisifu wala halilaumu. Mtu aweza kuwa wa mfululizo katika sala, na mwingine akawa wa mfululizo katika ulevi na masengenyo. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na kamba ya mazoea mabaya nayo hukata. Kudumu peke yake si fadhila. Yatupasa kuuliza: kudumu katika nini?

Matumizi ya tatu ni ya watu. Rafiki asiyekuacha ulipofilisika, mke anayemuuguza mumewe mwaka wa pili sasa, mume ambaye moyo wake haukuhama nyumba ijapokuwa mtoto hakupatikana: hao nao Kiingereza huwaita kwa neno hilohilo. Nasi kwa Kiswahili tungesema ni watu thabiti. Lakini tofauti yao na zile namba ni kubwa. Pai haina njia nyingine. Haikuamua kuwa ilivyo, wala haikujaribiwa iwe vingine. Mwanadamu anaweza kuondoka, mlango uko wazi, naye anabaki. Ndiyo maana Yesu aliwauliza Mitume kama wanataka kwenda. Asingewauliza kama wasingeweza.

Ndugu wapendwa, wanadamu kwa muda mrefu wametafuta kitu kisichobadilika ili wapimie vingine vyote. Sikilizeni habari ya kilogramu. Mwaka 1889 wataalamu wa mataifa, waliofungamana kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris mwaka 1875, walithibitisha kipande kimoja cha madini kuwa ndicho kilogramu ya dunia nzima. Kilikuwa kipande cha mviringo kama kopo dogo, urefu na upana wake milimita 39 hivi, kimetengenezwa kwa platini sehemu 90 kwa mia na iridi sehemu 10. Kiliwekwa Sèvres, karibu na Paris, chini ya vifuniko vya kioo, katika chumba chenye kufuli zilizohitaji funguo tatu zilizoshikwa na watu watatu tofauti. Nchi mbalimbali zilipewa nakala zake. Kila jiwe la mizani sokoni, kwa njia ndefu ya kulinganishwa jingine na jingine, lilikuwa mjukuu wa kipande kile.

Kikakaa gizani, hakiguswi ila kwa nadra sana. Lakini kilipotolewa na kulinganishwa na nakala zake, kati ya mwaka 1988 na 1992, ilionekana kwamba baada ya miaka mia hivi havikulingana tena. Tofauti ilikuwa kama mikrogramu 50, yaani uzito wa chembe moja ndogo ya mchanga. Je, kile kipande kilikuwa kimepungua, au nakala ndizo zilizoongezeka? Hakuna aliyeweza kusema, kwa maana chenyewe ndicho kilichokuwa kipimo. Ikiwa kipimo kimeyumba, utakipima kwa kitu gani?

Basi tarehe 16 Novemba 2018, katika mkutano wao huko Versailles, wawakilishi wa mataifa waliamua kukiachia kipande kile kazi yake, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilogramu haitegemei tena kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya watu. Inategemea kiasi kimoja kidogo ajabu kilichomo katika maumbile yenyewe, kiasi kilichogunduliwa mwaka 1900 na mtaalamu wa Ujerumani, Max Planck. Kiasi hicho nacho huitwa kwa neno letu lile la Kiingereza. Hakifungiwi kabatini, wala hakuna taifa linaloshika ufunguo wake. Hata mita ilikwisha kufanyiwa hivyo mwaka 1983, ilipofungwa kwenye mwendo wa nuru, ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde.

Hapo sisi tunaoamini tunajifunza unyenyekevu. Tulichokitengeneza wenyewe, hata tukikilinda kwa funguo tatu, kinachakaa. Uthabiti haupatikani kwa kujifungia. Unapatikana kwa kujifunga kwenye kilicho thabiti kutushinda.

Lakini liko kosa la upande wa pili, nalo ni kukiita kisichobadilika kitu ambacho Mungu hakukifanya hivyo. Mwaka 1917 Albert Einstein, akidhani kama wengi wa wakati wake kwamba ulimwengu kwa jumla hautanuki wala kusinyaa, aliongeza katika hesabu zake kiasi kimoja kisichobadilika ili ulimwengu utulie. Mwaka 1927 padre Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliyekuwa pia mtaalamu wa hesabu na fizikia, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka. Vipimo vya Edwin Hubble vya mwaka 1929 vikaonyesha magalaksi yanaachana, na Einstein akakiondoa kiasi chake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walikirudisha kiasi hicho kwa sababu nyingine kabisa, maana waliona kutanuka kwenyewe kunaongeza kasi. Wala hakuna aliyeona aibu kusahihishwa.

Nasi parokiani tuna viasi vyetu vya namna hiyo. Mwingine hulia kwamba imani imepotea kwa sababu wimbo fulani hauimbwi tena, au kwa sababu benchi la familia yake limehamishwa. Hivyo ni mazoea, na mazoea yaweza kubadilika. Misa iliyosomwa kwa Kilatini na Misa inayosomwa kwa Kiswahili ni Misa ileile. Katekista mwenye hekima huwafundisha watu kutofautisha mwanga na taa.

Ni nini basi, au tuseme ni nani, asiyebadilika kweli? Mtume Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anamtaja Mungu kuwa asili ya mianga yote, ila mianga ya mbinguni ina kuchomoza na kuchwa, naye hana. Zaburi ya 102 inasema habari za mbingu kuchakaa kama nguo, na Mungu akabaki. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha Summa, aliliwekea jambo hili swali zima. Hata hivyo tusidhani kwamba Mungu habadiliki kama jabali lisivyobadilika. Jabali halibadiliki kwa sababu halina uhai. Mungu habadiliki kwa sababu uhai wake na upendo wake umekamilika, hauna cha kuongezewa. Mwana mpotevu alibadilika mara mbili, akiondoka na akirudi. Baba yake alikuwa yuleyule siku zote mbili.

Sasa tugeuze upande wetu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Musa anawakataza Waisraeli kuwa na mawe mawili tofauti ya mizani mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Mfanyabiashara mwovu alikuwa na jiwe zito la kununulia na jiwe jepesi la kuuzia. Msidhani habari hiyo ni ya kale. Mkulima anayelazimishwa kujaza gunia la lumbesa hadi lisimame kama mwenye nundu, kisha akalipwa bei ya gunia moja, anaijua vizuri. Lakini mawe mawili hayako mifukoni mwa wachuuzi tu. Yako hata mfukoni mwa kanzu ya padre. Tunasema hivyo kwa sababu tuliwahi kuyakuta mfukoni mwetu.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa paroko msaidizi, parokia yetu ilikuwa na kigango kimoja cha mbali, ng'ambo ya mto. Katekista wa pale alikuwa ametumikia zaidi ya miaka 20. Kila Dominika saa mbili asubuhi aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, padre awepo asiwepo, na majirani wasio Wakristo walirekebishia saa zao kwa mlio ule. Alituletea habari kwamba mzee mmoja ni mgonjwa sana na anaomba Mpako wa Wagonjwa. Tukasema tutafika Ijumaa. Ijumaa ile mvua ilinyesha, mto ukajaa, hilo hatujilaumu. Tukaahidi Jumanne. Siku ya Jumanne mto ulikuwa umepungua, lakini walifika wageni wa heshima kutoka mjini, watu waliokuwa wanatusaidia kwa ujenzi. Tulijua wazi kwamba tungeweza kuwaacha na chai yao kwa nusu siku. Hatukuwaacha. Tulituma ujumbe kwamba tutakuja Alhamisi.

Alhamisi, kabla hatujafika, tulisikia kile kipande cha reli kikilia, na haikuwa Dominika. Mzee alikuwa amefariki usiku wa Jumanne, wakamzika Jumatano, na waumini walikuwa wakiitwa kwenye sala ya marehemu. Katekista alitupokea kwa heshima kama kawaida, akatushika mkono. Tulipomwomba radhi, alisema maneno machache tu: "Padre, kila jioni alikuwa ananiuliza kama ni leo. Nami kila jioni nilimwambia, Padre amesema atakuja."

Ndugu zetu, tulimfanya mtu mkweli aseme uongo kwa niaba yetu. Ahadi yetu kwa wageni ilipimwa kwa jiwe kamili. Ahadi yetu kwa mzee maskini ilipimwa kwa jiwe jepesi. Tunaiweka roho ya mzee yule katika huruma ya Mungu, ambayo haikungoja mto upungue. Lakini hatujaisahau jioni ya Jumanne ile, aliyouliza kama ni leo, na hatuombi kuisahau.

Tumewasimulia haya kwa sababu katekista yule alitufundisha maana ya neno lililotushinda shuleni. Hakuwa na platini wala funguo tatu. Alikuwa na kipande cha reli kilichopata kutu, na neno lililokuwa na uzito uleule kwa mzee, kwa mtoto na kwa padre. Mtu thabiti si yule asiyeguswa na mabadiliko. Nywele zake huwa nyeupe, magoti huchoka, watoto wake huhama. Lakini kipimo chake hakigeuki kwa kutazama nani amesimama mbele yake.

Juma hili, basi, tufanye mambo matatu. La kwanza, kila mmoja achunguze mfuko wake. Sauti unayotumia kwa mkubwa wako wa kazi, je, ndiyo unayotumia kwa msichana wa kazi nyumbani? Subira unayompa mteja, unampa na mkeo? La pili, ninyi wenye ndoa, na wote waliokwisha kusema ndiyo mbele ya altare, litajeni tena neno lenu lile kwa sauti, mmoja kwa mwenzake, hata kama mnaona haya. La tatu, iko ahadi moja uliyomwahidi mtu asiyeweza kukudai: mzazi kijijini, mgonjwa, mwanafunzi aliyengoja ada. Usingoje Alhamisi.

Mtu atasema: mimi ni dhaifu, leo naapa, kesho nayumba. Ni kweli. Petro aliyejibu vizuri katika Injili ya leo alimkana Bwana baadaye, usiku mmoja, mara tatu. Kama springi ya shuleni, alivutwa mbali, lakini kilichomrudisha hakikuwa nguvu zake. Bwana aligeuka akamtazama. Ndiyo sababu Mama Kanisa hakutuacha na shauri tupu, bali alituwekea mikono na kutupaka Krisma, katika sakramenti ambayo kwa Kiswahili tumeipa jina zuri: Kipaimara, kile kinachompa mtu uimara. Uthabiti wetu ni wa kupewa. Tuuombe kila siku kama tunavyoomba mkate.

Na kila sala tunaifunga kwa neno moja dogo la Kiebrania, tunalolisema upesi bila kulifikiri. Mzizi wake una maana ya kilicho imara, kinachotegemeka, kisichoanguka ukikiegemea. Tulisemapo tunamwegemea Mungu, na papo hapo tunatoa neno letu kwamba nasi tutaegemewa. Tulisemeni leo polepole, kwa niaba ya wote wanaotungoja jioni hii na kuuliza kama ni leo.

Amina.